Kuongoza kikosi kwenye Dragon Age: Origins bila kumshika kila mtu mkono

Juzi usiku mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu, mbili kati yake malalamiko matupu. “Mjomba, huyu bibi Wynne kazi yake nini hasa? Alistair anakufa mbele ya macho yake, yeye kasimama na fimbo kama anangoja basi.” Anacheza Dragon Age: Origins; Wynne ni mponyaji wa kikosi chake, Alistair mtu wa ngao wa mbele, Morrigan mchawi wa kushambulia. Alikuwa kileleni mwa Mnara wa Circle, makao ya wachawi, kwa bosi wa pale, Uldred, na alishakufa mara sita. Nilimwambia afungue ukurasa wa Tactics wa Wynne, yaani orodha ya kanuni anazofuata vitani, aupige picha, anitumie.

Picha ikaja. Mstari wa kwanza: mwenzetu yeyote akishuka chini ya asilimia 75 ya uhai, mponye. Mstari wa pili: mwenzetu yeyote akishuka chini ya asilimia 75, ponya kundi zima. Basi, hakuna zaidi. Yaani Morrigan akichubuka kidole, bibi anaponya. Alistair akipigwa kofi moja, bibi anaponya, na sekunde mbili baadaye anawaponya wote wanne. Vita vilipoanza kuwa vita, mana, ile nguvu ya kufanyia uchawi, ilikuwa imekwisha kitambo. Wynne hakuwa mkaidi. Alitii alichoandikiwa neno kwa neno mpaka kibuyu kikakauka.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo: gemu unalipenda, unaona wenzako wana akili zao, na akili hizo zinakukera. Nimechukua Dragon Age: Origins, la BioWare, la mwaka 2009, kwa sababu wenzako humo wana uhuru wa aina mbili kwa pamoja. Vitani wanajiendesha kwa kanuni unazowaandikia wewe. Nje ya vita wana dhamiri: wanaweza kukupinga, kukususia, kukuacha, hata kukugeuzia upanga. Magemu mengi ya RPG, yale ya kuigiza mhusika, hukupa kimoja tu kati ya hivyo viwili. Halafu ni gemu la zamani, halihitaji mashine ya mamilioni.

Hatua ya 1: Tenga kazi ambazo ni zako peke yako

Kabla ya kugusa ukurasa wa Tactics, jiulize nini hakiwezi kufanywa na mwingine. Mfano mzuri ni huyohuyo Uldred. Pale juu kuna wachawi waliotekwa (mchawi wa humu ni msomi wa uchawi, si yule wa kijijini anayesingiziwa kila msiba), na katikati ya mapigano Uldred hujaribu kuwageuza mmoja mmoja wawe viumbe waliopagawa na pepo. Dawa yake ni Litania ya Adralla, ile uliyoichukua kwenye maiti ya mchawi Niall. Unatakiwa kuisoma wakati uleule anapoanza kumgeuza mtu. Ukichelewa, aliyekuwa mateka anainuka akiwa adui.

Hiyo si kazi ya kumwachia mwenzako. Macho yako lazima yawe kwa Uldred, na kidole kwenye Litania. Sasa kama muda huo umezama kwenye mkoba ukimtafutia Alistair dawa, nani anatazama? Hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa akifia. Alihesabu vifo vya Alistair, hakuhesabu mateka.

Orodha yangu ya mambo nisiyomwachia mtu ni fupi. Nani apigwe kwanza. Watu wasimame wapi. Uchawi unaotapakaa eneo zima, hasa moto, kwa sababu ukipandisha ugumu wa gemu moto hauchagui rafiki wala adui. Vitu vya pekee kama hiyo Litania. Na uamuzi wa kukimbia. Mengine yote yaandikiwe kanuni. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli, lakini chombo ambacho baharia hashiki kamba mpaka aitwe jina nacho hakiendi popote.

Hatua ya 2: Chagua wanne

Unatembea na watatu, wewe wa nne. Unahitaji mmoja wa kupokea mapigo mbele, mmoja wa kuponya, mmoja wa kufungua makufuli na kuona mitego, na mmoja wa kuumiza. Wewe mwenyewe ni mmoja wa hao, kwa hiyo usijirudie. Ukiwa shujaa wa upanga na ngao, Alistair anaweza kupumzika kambini. Wanaobaki kambini wanaendelea kupanda levo, hawaozi.

Onyo moja tu: Leliana, mpiga upinde, na Sten, askari wa upanga, wanapatikana Lothering, mji wa mwanzoni mwa safari, na Lothering haikungoji. Ukiondoka ukaendelea na safari, mji unamezwa, nao wamekwenda na maji.

Hatua ya 3: Andika kanuni, ukijua zinasomwa kutoka juu

Kila mwenzako ana orodha ya mistari. Kila mstari una sharti na kitendo. Mhusika anasoma kutoka mstari wa kwanza kushuka. Sharti la kwanza linalotimia, analitenda, kisha anarudi juu kuanza upya. Mstari ambao hauwezekani kwa wakati huo, kwa mfano uchawi wake bado haujarudi baada ya kutumika, au mana haitoshi, anauruka anaendelea na unaofuata. Ukielewa sentensi hizo umeelewa mfumo mzima.

Mwanzoni mistari ni michache. Inaongezeka levo zinapopanda, na inaongezeka zaidi ukiweka pointi kwenye ujuzi wa Combat Tactics. Watu wengi huudharau ujuzi huo kwa sababu hauonekani kuua mtu. Mimi huwapa wenzangu wote mapema, na mponyaji ndiye wa kwanza.

Kuna orodha zilizotengenezwa tayari ndani ya gemu. Zitumie saa za mwanzo ili ujifunze zinavyoandikwa, kisha andika zako.

Hii ndiyo orodha niliyompa mpwa wangu kwa ajili ya Wynne. Juu kabisa: yeye mwenyewe akishuka chini ya asilimia 25, anywe dawa ya uhai. Mponyaji akifa, orodha za wengine wote ni karatasi. Wa pili: mana yake ikishuka chini ya asilimia 25, anywe dawa ya lairiamu, ile inayorudisha mana. Hapa tulibishana kidogo, kwa sababu lairiamu ina bei na mtoto ana ubahili wa babu yake. Lakini ukiuweka mstari huo chini, anaufikia wakati hana hata tone, na huo ndio wakati ambao mtu wa mbele yuko hoi. Wa tatu: mwenzetu yeyote chini ya asilimia 50, mponye. Wa nne: mwenzetu yeyote chini ya asilimia 25, ponya kundi zima.

Angalia mstari wa tatu na wa nne vizuri, maana vinaonekana kama vimegeuzwa. Mtu aliye na asilimia 20 yuko pia chini ya 50, kwa hiyo mstari wa tatu unamkamata kwanza, na huo ni uponyaji wa bei nafuu. Wa nne unafikiwa tu pale uponyaji wa kwanza bado haujarudi na mtu bado anazama. Yaani ule uchawi mkubwa, wa gharama, unabaki kuwa akiba ya dharura bila wewe kushika chochote. Ukiuweka juu, unarudi kulekule kwa kibuyu kukauka.

Alistair ni rahisi zaidi. Kwanza dawa ya uhai akiwa chini ya asilimia 25. Pili, “mimi mwenyewe, hali yoyote”: washa mkao wa kujikinga na ngao. Mkao ukishawaka mstari huo haurudii tena, anauruka, kwa hiyo usiogope kuuweka juu. Tatu, Wynne akishambuliwa kwa karibu, mgonge mshambuliaji kwa ngao. Nne, akizingirwa na wawili au zaidi, apige kelele za uchokozi, Taunt, ili wote wamgeukie yeye. Tano, mpige adui aliye karibu.

Mistari ya namna ya “adui anayepigwa na Alistair” ni ya dhahabu kwa wapiga upinde. Mwandikie Leliana hivyo na utaona tofauti siku hiyohiyo: badala ya kila mtu kumjeruhi adui wake kidogokidogo, wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Adui mwenye asilimia 5 ya uhai anapiga kwa nguvu zilezile za mwenye asilimia 100. Kwa hiyo kujeruhi watano si ushujaa, ni hasara.

Morrigan mpe uchawi wa kulenga mtu mmoja, Winter's Grasp kwa mfano. Ule wa baridi inayotapakaa mbele kama feni, Cone of Cold, usiuandike popote. Uache mkononi mwako. Nilikuwa nimeuandika zamani, nikajifunza kwa kumtazama Alistair akiwa sanamu ya barafu huku majitu matatu yakimzunguka.

Kosa dogo linalowasumbua wengi: mhusika unayemshika wewe kwa wakati huo hafuati kanuni zake, anangoja amri zako. Kwa hiyo ukibonyeza picha ya Wynne ukatazama hali yake kisha ukamsahau hapohapo, umemgeuza mti. Rudi kwa mhusika wako kila mara. Angalia pia usiwe umezima kanuni za kundi lote kwa bahati mbaya. Kitufe chake kipo, na kipanya hakina huruma.

Hatua ya 4: Kaa pembeni utazame

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu. Tafuta mapigano madogo, mbwamwitu barabarani au majambazi wanne, mshike mhusika wako na usifanye chochote zaidi ya kupiga pigo la kawaida. Usitoe amri hata moja. Tazama Wynne anatumia nini na lini. Tazama Leliana amesimama wapi.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba Morrigan wangu hutumia uchawi wake wote kwa adui wa kwanza anayemwona, hata kama ni panya, na anapofika kwa adui wa maana amebaki na fimbo tu. Kanuni yake ilisema “adui yeyote”. Nikabadilisha iwe adui wa daraja la juu zaidi ya wale wa kawaida. Tatizo likaisha. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona ni mzembe.

Baada ya kila mabadiliko, pigana tena kidogo. Badilisha mstari mmoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni upi uliotibu.

Hatua ya 5: Wazuie miguu

Kanuni hazisemi chochote kuhusu mahali. Mhusika mwenye tabia ya ukali atamfukuza adui mpaka chumba cha pili na kuwaamsha waliolala huko. Kwa hiyo kila mmoja mpangie pia tabia: wa mbele awe mkali, wapiga upinde na wachawi wakae mbali. Na jifunze amri ya kushikilia nafasi, kwenye kompyuta ni herufi H. Ukiona chumba kimejaa, simamisha kikosi nyuma ya mlango, washikilie nafasi, nenda wewe mlangoni, waonekane na wewe, urudi. Watakuja kwa mstari mmoja kupitia mlangoni, na Alistair anangoja. Si jambo la heshima sana, lakini hata wao wako ishirini.

Ukimaliza, ondoa amri hiyo. Nimeshatembea nusu ya pango peke yangu nikishangaa ukimya.

Hatua ya 6: Simamisha muda, shika usukani, achia

Kitufe kirefu cha nafasi (space) kinasimamisha muda. Kitumie mapigano yanapoanza, uone nani yuko wapi, kisha achia. Ukikitumia kila sekunde mbili umerudi kwenye kumshika kila mtu mkono, na kanuni ulizoandika hazina kazi.

Mambo yanayostahili usukani ni yale yasiyo na sharti kwenye orodha. Lile jitu kileleni mwa Mnara wa Ishal ndilo somo la kwanza la gemu lenyewe: linamshika mtu mmoja mkononi na kumponda kwa ngumi. Ponya unavyotaka, haitoshi. Anayehitajika ni mtu wa kulipiga jitu pigo la kuliyumbisha, la ngao kwa mfano, limwachie aliyeshikwa. Simamisha, toa amri hiyo moja, rudi kwa mhusika wako.

Aliyeanguka vitani huinuka vita vikiisha kama kuna aliyebaki amesimama, ila hubaki na jeraha linalompunguzia uwezo mpaka utumie kifurushi cha tiba. Kwa hiyo si kila kifo cha kupiga nacho kelele. Leliana akianguka na adui amebaki mmoja, maliza kazi.

Hatua ya 7: Uongozi wa kambini

Hapa kanuni za Tactics zinakoma na watu wanaanza.

Tangu mwanzo gemu linakuuliza swali la uongozi kwa mlango wa nyuma. Baada ya vita vya Ostagar mmebaki wawili katika Grey Warden, kikosi chenu cha kiapo, humo nchini Ferelden, na Alistair ndiye aliyekutangulia. Kwa desturi yoyote mkubwa angeongoza. Yeye anakuachia wewe, na Morrigan haachi kumchoma kwa hilo: iweje mkongwe afuate aliyeingia jana? Alistair hana jibu zuri. Ni mtu aliyekulia kukwepa kiti, na utamwelewa zaidi utakapojua baba yake ni nani.

Kila mwenzako, isipokuwa mbwa ambaye moyo wake ni wako siku zote, ana kipimo cha kukukubali kinachoanzia hasi 100 hadi 100. Kipimo kinapanda na kushuka kwa maneno yako, maamuzi yako na zawadi zako. Kikipanda sana anapata nyongeza ya uwezo, Alistair stahimilivu zaidi, Morrigan uchawi zaidi, na kadhalika. Kikishuka sana, utaona.

Cha kwanza, zungumza nao kambini kila baada ya kazi kubwa. Mazungumzo mapya hufunguka kadiri kipimo kinavyopanda, na baadhi yake hufungua kazi zao binafsi. Sten anaweza kukueleza upanga wake uliopotea. Usipomuuliza, unapita mahali palepale bila kujua ulikuwa unatafuta nini.

Cha pili, zawadi. Kila mmoja ana anachopenda: Alistair vinyago na mawe ya runi, Sten picha za kuchora, Oghren pombe (usitarajie kingine), Wynne vitabu. Zipo na zawadi za pekee, zenye historia ya mtu. Kule kwenye ngome ya Redcliffe, chumba cha kazi cha mtawala wake, Arl Eamon, kuna hirizi iliyovunjika ikaungwa; ni ya mama yake Alistair. Mpe, kisha mzungumzishe. Zawadi za kawaida hupungua thamani kila unapotoa nyingine, kwa hiyo usimwage zote usiku mmoja. Kwa maoni yangu mfumo huu ni rushwa iliyofungwa utepe. Unaweza kuchoma kijiji mchana na kurudisha mapenzi kwa chupa jioni. Nautumia, lakini hauniridhishi.

Cha tatu, chagua unayekwenda naye kulingana na unachokwenda kufanya. Aliye kambini haoni kila ufanyalo. Morrigan anachukia kusaidia wanyonge bure; ukijua leo ni siku ya kuokoa wanyonge, mwache na moto wake. Wapo wanaoita huu ni unafiki. Mimi nauona ni busara ya kawaida ya mtu mwenye ndugu wengi.

Hatua ya 8: Jua mstari ambao mtu hatauvuka

Kipimo cha kukubalika hakinunui kila kitu. Kuna mambo ambayo mwenzako hatayavumilia, na ukiyafanya atafanya la kwake.

Utakapofika kwenye majivu ya Andraste, mtakatifu wa dini ya humo, Kolgrim, kiongozi wa waabudu joka, amekuomba uyamwagie damu ya joka. Ukikubali ukiwa na Wynne au Leliana, wanakushambulia hapohapo, mbele ya chombo chenyewe. Leliana anaweza kubaki tu ikiwa awali ulimkomaza moyo kupitia mkasa wake na Marjolaine, mkubwa wake wa zamani. Kule Denerim kwenye Landsmeet, baraza la wakuu wa nchi, ukimsamehe jenerali Loghain na kumfanya Grey Warden, Alistair anaondoka kikosini. Umempa zawadi ngapi, umemchekesha mara ngapi, haijalishi; yule ni mtu aliyemwacha kiongozi wao Duncan na wenzao wafe. Zevran, aliyekuja kwenu akiwa muuaji wa kukodiwa, akikutana na rafiki yake wa zamani Taliesen hukupima: mmekuwa karibu, anabaki upande wako, hamkuwa, anavuka.

Kisa nikipendacho ni cha Sten. Ukimpeleka Haven, kijiji cha milimani kwenye njia ya majivu yale, wakati hajakuheshimu vya kutosha, anakusimamisha. Vita viko na Archdemon, joka linaloongoza jeshi la adui, anasema kwa maneno yake, na wewe unazunguka milimani kutafuta majivu. Anadai uongozi, na mnapigana ana kwa ana. Ukimshinda, anaufyata na kuendelea kukufuata, hana kinyongo. Wachezaji wengi hukasirika. Mimi naona hapo ndipo alipokuwa sahihi zaidi ya wote: kweli, kwa macho ya askari, safari ile ni upuuzi. Ukitaka kuepuka pambano hilo, mwelewe kabla, au mwache kambini. Ukilitaka, vaa silaha nzuri, anapiga.

Kabla ya Redcliffe, Haven na Landsmeet, sevu kwenye faili mpya, si juu ya ile ya zamani. Redcliffe hasa, kwenye shauri la mtoto Connor aliyepagawa na pepo. Kumuua, au kumtoa mama yake kafara, Alistair atakufuata kambini kukusomea. Njia ya tatu ipo: nenda ukawaombe wachawi wa Circle, kama ulishawaokoa. Ndiyo maana napenda Mnara ufanywe mapema.

Ukihamia gemu jingine

Baldur's Gate 3 la mwaka 2023 limepangwa kinyume. Vita ni vya zamu, kila mwenzako unamwendesha mwenyewe, hakuna kanuni za kuandika. Uhuru wao wote uko moyoni. Mambo mawili ya kushika: lala kambini mara kwa mara, kwa sababu simulizi zao nyingi hutokea usiku na wasiolala huzikosa, na aliyetangulia kuzungumza ndiye anayemaliza mazungumzo kwa uwezo wake, kwa hiyo mtangulize mwenye ulimi. Ukiungana na adui Minthara kuwashambulia wakimbizi wa msituni, wenzako Wyll na Karlach hawabaki. Na kwa Shadowheart, mwenzako mwingine, pale mkuki unapokuwa mkononi mwake na mungu wake anamtaka aue, kama mmeaminiana vya kutosha unaweza kumwachia aamue mwenyewe. Nilinyamaza mara moja tu katika gemu zima, ilikuwa pale.

Mass Effect 2 la 2010 linakupa somo la kugawa kazi. Kwenye misheni ya mwisho unahitaji mtu wa kupenya kwenye mabomba afungue milango. Jacob anajitolea kifua mbele. Usimpeleke. Kazi hiyo ni ya fundi, Tali au Legion, na awe umeshamaliza naye kazi yake ya uaminifu. Miranda naye atakuambia yeyote mwenye nguvu za biotiki anaweza kushikilia kinga; mpeleke Samara au Jack aliye mwaminifu, usimsikilize.

Final Fantasy XII la 2006 ndilo ndugu wa karibu wa orodha za Wynne. Humo mistari inaitwa gambiti, nayo inasomwa kutoka juu vilevile. Uliyojifunza hapa unahamia nayo yote. Persona 3 ya kwanza, ya 2006 pia, ilikunyima kabisa: unawapa wenzako mwelekeo wa jumla, wao wanaamua. Aliyeicheza akisikia neno Marin Karin anakumbuka Mitsuru akijaribu kumroga bosi kwa mapenzi badala ya kumgandisha. Matoleo ya baadaye yaliruhusu kuwaamuru moja kwa moja, na sijasikia mtu aliyelia kwa hilo.

Tukarudi kwa mpwa wangu. Saa sita kasoro akatuma ujumbe mwingine, safari hii wa sekunde kumi. Uldred amelala, Irving yuko hai, Alistair hakuanguka hata mara moja. Kisha akauliza: “Mjomba, kuna kitabu cheusi nilikitoa kwenye sanduku la ofisi ya Irving. Kinauzika. Nikiuze ninunue lairiamu?”

Nikamwandikia kwa herufi kubwa: USIUZE. MPE MORRIGAN, KAMBINI, LEO.